Nilivyoogopa Kuwa Mkubwa

Juzi nilikuwa sokoni hapa Dodoma ninapoishi, nikapita karibu na mama mmoja anayeuza vikapu. Alikuwa ametoka kuvinyunyizia maji ili visikauke na kukatika, na harufu ya ukindu uliolowa, yale majani ya kusukia, ikanipata kabla sijaviona vikapu vyenyewe. Nilisimama. Yule mama akadhani nina haja navyo, akaanza kunionyesha kimoja kimoja, nami nikawa naitikia tu bila kusikia anachosema. Kwa mawazo nilikuwa nimekaa tena kwenye baraza ya Bi Mize, Mtambile, kusini mwa Pemba, miguu yangu haifiki chini, na nyumba nzima haina mtu ila sisi wawili.

Watu wa rika langu tukikutana tunapenda kusimulia utoto kana kwamba wote tulikulia katika kelele. Maembe ya kuiba, viboko, mpira wa makaratasi, watoto kumi kwenye sinia moja. Mimi hucheka pamoja nao na huchangia mawili matatu niliyoyasikia kwa wengine. Wangu, katika ule mwaka ninaoukumbuka kuliko yote, ulikuwa utoto wa kimya.

Tulifika Pemba wawili tu, mimi na mama. Mama alikuwa mwalimu wa hesabu na alikuwa amepata kazi katika skuli moja ya sekondari huko. Alikuwa ametengana na baba, aliyebaki Singida, na kaka zangu wawili, Elia na Yona, wakabaki naye. Kuondoka kwetu nakukumbuka kidogo sana. Namkumbuka Elia amesimama mlangoni kwa baba. Namkumbuka Yona akilia na kutaka kupanda gari lililotupeleka stendi, na shangazi, dada yake baba, akimvuta mkono na kumwambia, "Wewe ni mkubwa, Yona. Wakubwa wanabaki na baba. Neema ni mdogo, ndiyo maana anakwenda na mama."

Mtoto mdogo huokota sheria za dunia kama anavyookota vijiwe, hamwulizi mtu. Mimi siku ile niliokota hiyo. Mdogo yuko na mama. Mkubwa huachwa.

Mtambile tulipanga vyumba viwili kwa Bi Mize, mjane mwenye nyumba iliyotazama barabara. Yeye aliishi upande wa pili wa ukuta na mjukuu wake, Riziki, aliyenizidi umri kwa mwaka na zaidi. Kazi ya Bi Mize ilikuwa kusuka mikeka. Asubuhi aliulowesha ukindu ndani ya beseni, akauacha ulainike, kisha akaketi barazani na kuanza kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa baadaye ukawa mkeka. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe na macho yakawa yanatazama kwingine. Ukili uliteremka mapajani, ukajikunja sakafuni, ukazidi kujikunja, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu. Niliujua urefu wa asubuhi kwa ukubwa wa lile rundo la ukili.

Mama aliondoka mapema na mwavuli wake mweusi, jua au mvua. Riziki naye aliondoka, amevaa sare na mtandio mweupe, kwenda skuli ya maandalizi, ile ambayo kwetu ni chekechea. Adhuhuri alirudi, akala, akanichezesha kidogo, kisha akabadili nguo na kuniambia anakwenda chuoni. Neno hilo lilinishangaza sana. Kwetu chuo ni mahali anaposomea mtu mzima. Mjomba wangu mmoja alikuwa chuoni, naye alikuwa na ndevu. Kwa hiyo nilipomsikia Riziki anakwenda chuoni kila alasiri, nilimheshimu kupita kiasi, nikaona ajabu kwamba msomi kama yule anakubali kucheza nami mchanga. Mama aliponieleza kuwa chuoni kwa watu wa pale ni mahali watoto wanapojifunza Kurani, alicheka mpaka akafuta machozi. Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena mwaka ule.

Watoto wote wa mtaa walikwenda chuoni. Sisi tulikuwa Wakristo, na Jumapili chache mama alipopata nafasi tulikwenda Chake Chake kusali na wenzetu wa bara. Siku nyingine zote, kuanzia alasiri, mtaa uliokuwa na watoto ulibaki bila mtoto hata mmoja isipokuwa mimi. Mama wakati huo alikuwa amerudi, lakini alirudi na madaftari ya wanafunzi, na akishamaliza kuyasahihisha alilala usingizi wa mtu aliyechoka, kalamu bado iko mkononi.

Chuo kilikuwa nyuma ya nyumba yetu, chumba kimoja chenye madirisha yaliyo juu. Nilizisikia sauti zao zikipanda na kushuka pamoja, nikayashika yale mahadhi bila maneno. Siku moja niliyafuata. Mlangoni niliona ndara zao, zile ambazo kwetu tunaziita kandambili, zimezagaa kama zilivyovuliwa, moja huku na mwenzake kule. Nilikaa katikati yake. Nikaanza kuzitafutia wenzake na kuzipanga mbili mbili, za bluu, za kijani, zilizofungwa kwa uzi, mpaka zote zikawa zimetazama barabarani. Kesho yake nikarudi. Nikawa narudi kila siku. Nilizijua ndara za kila mtoto, na katika mawazo yangu nilikuwa nacheza nao.

Waliponigundua, nilitarajia watafurahi. Wengine walifurahi. Lakini mmoja, msichana mkubwa kidogo, alinitazama akawaambia wenzake, "Huyu hasomi popote. Huyu ni mlinzi wa ndara." Wakacheka, na tangu siku ile nikawa naitwa hivyo. Nadhani hawakuwa na ubaya. Mimi nililipokea jina hilo kwa fahari, nikaenda nyumbani kumweleza mama kwamba nimepata kazi.

Mama alifunga daftari lililokuwa mbele yake, akaliweka juu ya mengine.

Jioni ile nilimsikia akizungumza na Bi Mize uani, wanachambua mchele.

"Mwache aende na Riziki chuoni," Bi Mize alimwambia. "Si lazima asome. Atakaa na wenziwe tu. Mwalimu wa pale ni mtu wa huruma, miye n'tamwambia."

"Nakushukuru sana, Bi Mize. Najua unanisaidia. Lakini baba yake ni mzee wa kanisa. Akisikia, atapata la kusemea."

"Hapana neno, mwanangu. Kila mtu na lake." Bi Mize hakuonyesha kuudhika. Baada ya muda akasema, "Basi mpeleke skuli. Kuliko kukaa na miye hapa kutwa, n'toto anazungumza na kuku."

Hayo ya kuku yalikuwa kweli. Nilizungumza na kuku, na zaidi nilizungumza na kaka zangu. Nilikuwa nikijibu kwa sauti ya Elia, nzito, na kwa sauti ya Yona, ya haraka haraka. Siku moja, nikiwa katikati ya mchezo, nikasikia kwamba Yona anazungumza kama Riziki. Nilijaribu kumrudisha. Nilikaa kimya muda mrefu nikimngojea aseme kitu kwa sauti yake mwenyewe, hakusema. Tangu hapo nikaacha kuwaita.

Basi mama akaamua kunipeleka skuli ya maandalizi, ile aliyosoma Riziki. Umri wangu ulikuwa haujatimia. Aliniogesha, akanivisha gauni langu la kanisani na viatu vya kufunga, akanipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa. Njiani alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na jasho. Alinifundisha nimsalimie vipi mwalimu. Mimi nilifurahi, kwa sababu nilijua ninakwenda kuliona lile jengo ambalo Riziki hupotelea kila asubuhi.

Mwalimu aliyetupokea aliitwa Mwalimu Zuwena, mwanamke mnene, mpole, mwenye miwani aliyoining'iniza shingoni. Chumba chake kilinukia chaki na uji wa mtama. Kupitia dirishani niliwaona watoto wamekaa juu ya jamvi, wamebanana, magoti yao yanagusana. Nilitazama yale magoti. Sijui niseme vipi nilivyotamani kuwa na goti la mtu karibu na langu.

"Ana miaka mingapi?" Mwalimu Zuwena aliuliza.

"Ametimiza minne, anaingia wa tano," mama alijibu.

"Hapa twapokea waliotimiza mitano, Mwalimu. Weye ni mwalimu mwenzangu, taratibu wazijua."

"Nazijua. Lakini mwangalie huyu, ameshakuwa mkubwa. Anahesabu, anavaa nguo mwenyewe, anajua kusema anachotaka. Mkubwa kabisa huyu, hasumbui." Sauti yake ikashuka. "Na mimi, Mwalimu, sina pa kumwacha. Nimetafuta pa kumwacha sijapata."

Kama mama angejua maneno yale yaliingiaje masikioni mwangu, nadhani angeyameza. Kabla ya siku ile hakuwahi kuniita mkubwa. Watu wakiniuliza umri alikuwa akinivuta kwake na kusema, "Huyu bado mdogo, huyu bado wangu." Sasa amenivisha gauni la kanisani, amenileta kwa mtu nisiyemjua, anamwapia kwamba mimi ni mkubwa, na kwamba anatafuta pa kuniacha. Nilimwona Elia amesimama mlangoni. Nilimwona Yona anavutwa mkono.

Mwalimu Zuwena alinitazama kwa muda, akatabasamu. "Wazee wetu walikuwa na kipimo chao," alisema. "Haya mwanangu, pitisha mkono huu juu ya kichwa, ukalishike sikio la upande wa pili. Akilishika, n'tamsemea kwa mkuu. Asipolishika tusubiri mwaka mwengine."

Mchezo ule niliujua. Riziki alikuwa amenifundisha nyuma ya jiko la Bi Mize, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa mirefu kama ya watu wa kwa baba, ncha ya kidole changu ilikuwa inalifikia sikio. Ilinipasa kuinamisha kichwa kidogo tu. Mama hakujua hayo. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, anautazama mkono wangu kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa isije ikafurika.

Niliupandisha mkono. Nilihisi nywele zangu zilizosukwa, nikahisi ule mstari wa katikati, nikahisi joto la sikio lililo karibu kabisa. Nikavikunja vidole.

"Jaribu tena, Neema," mama alisema. "Nyoosha."

Nikajaribu tena, nikavikunja tena.

"Bado," Mwalimu Zuwena alisema kwa upole. "Mwaka si mwingi, Mwalimu. Utapita."

Tulirudi nyumbani. Mama alikuwa amesahau kuufungua mwavuli, ameushika tu, na jua lilikuwa kali. Mimi nilitembea karibu naye nikiwa na furaha ya siri, kwa kuwa nilikuwa nimejiokoa. Sikuelewa kwa nini, tulipofika, aliingia chumbani na viatu vyake na kukaa kitandani akiutazama ukuta.

Siku zilizofuata alijaribu kunichukua kwenda skulini kwake. Nilikaa nyuma ya darasa, chini, kati ya miguu ya wanafunzi wakubwa, nikamsikia akisema mambo ya pembetatu kwa sauti ambayo haikuwa ya nyumbani. Lakini mkuu wake alimwita, akamweleza kwamba haiwezekani, na nikarudi barazani kwa Bi Mize.

Hapo ndipo ulipoanza upweke wenyewe. Zamani nilikuwa peke yangu, lakini sikuwa na cha kuficha. Sasa nilikuwa na kazi ya kubaki mdogo, na kazi hiyo huwezi kuifanya na mwenzako. Nikaanza kuona hatari kila mahali. Wanaokuja kununua mikeka walinishika kidevu na kusema, "Anakua huyu." Viatu vya kufunga vilinibana, nikavivaa hivyo hivyo bila kusema, mpaka nikatoka malengelenge. Nilijifunza kusimama nikiwa nimepinda magoti kidogo, na nikikaa nilijikunja.

Na kila mtu, kila mahali, aliniambia neno moja. Kula ukue. Bi Mize aliniwekea muhogo wa nazi na kipande cha samaki aliyechomwa, akasema, "Kula mwanangu, ukue." Mama alinimiminia uji, akasema, "Kunywa ukue haraka." Nani asingeelewa? Nikaacha kula. Sikuacha kabisa, kwa maana njaa ina nguvu kuliko mtoto, lakini niliacha kushiba. Muhogo niliwapa kuku. Uji niliumwaga kwenye majivu. Nilizoea kwenda kulala na tumbo linalonguruma, nikiwa nimeushika mkono wa mama aliyekwisha kulala, nikajiambia kwamba leo sikukua.

Nilikonda. Mama alinipeleka kituo cha afya, wakanitoboa kidole, wakasema sina malaria wala minyoo. Wakampa dawa ya kuongeza hamu ya kula. Nilimwona akiniangalia wakati wa chakula, kijiko chake kimesimama hewani, macho yake yamezungukwa na weusi. Naye alikuwa anakonda. Hatukuwa na mtu wa kutuambia kwamba tunakonda kwa hofu moja, kila mmoja upande wake wa sahani.

Kisha masika yakaja. Kulikuwa na siku ya mvua kubwa hata barabara ikawa maji matupu, na Riziki hakwenda skuli wala chuoni. Kwangu ilikuwa sikukuu. Tulikaa barazani, Bi Mize anasuka, mvua imetufunga kama pazia, na kila kitu kinanukia ukindu na udongo. Tulicheza kila tulichokijua. Riziki akaupitisha mkono juu ya kichwa chake, akalishika sikio lake lote, akalivuta, akatoa ulimi. Nikacheka. Nilicheka mpaka nikajisahau, nikaupitisha wangu, nikalishika langu, nikalivuta vilevile.

"Bibi, mtazame Neema," Riziki alisema. "Kalishika lote."

Vidole vya Bi Mize vilisimama. Sikuwahi kuviona vikisimama katikati ya ukili. Nikauteremsha mkono haraka, lakini alikuwa ameshaona.

"Riziki, ingia ndani ukatazame moto," alimwambia mjukuu wake. Tulipobaki wawili akanisogezea kigoda karibu na goti lake. "Siku ile kwa Mwalimu Zuwena ulilishika?"

Nikatikisa kichwa.

"Ulishindwa, au hukutaka?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati na nilidhani labda nikisema polepole hatasikia. "Sikutaka."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nikiwa mkubwa nitaachwa. Elia na Yona ni wakubwa, waliachwa."

Bi Mize hakucheka, na hakunikatalia. Kwa hilo namshukuru mpaka leo, kwa maana mtu mzima mwingine yeyote angesema nisiseme upuuzi. Aliutazama mkono wangu uliokonda, akauchukua, akauweka juu ya paja lake pamoja na ukili.

"Na kula nako ndiyo hiyo hiyo?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Haya," alisema. "Haya, nimesikia."

Nilimwomba asimwambie mama. Hakuahidi. Mama aliporudi, nguo zimemganda mwilini kwa mvua, Bi Mize alimfuata mpaka jikoni, nami nikajificha nyuma ya mlango. Sikusikia yote. Nilimwona mama ameinama juu ya ungo wa mchele, anachambua, kisha mkono wake ukaacha kuchambua ukabaki umelala juu ya mchele. Bi Mize alimgusa bega, akatoka.

Mama aliniita. Alinipakata, jambo ambalo alikuwa ameliacha kwa muda, na baridi ya nguo zake ikaniingia.

"Nani alikwambia kaka zako waliachwa kwa sababu ni wakubwa?"

"Shangazi."

Alikaa akinipapasa nywele. "Niliwaomba wote watatu," alisema. "Baba yako alinipa mmoja."

"Kwa nini alinitoa mimi?"

"Kwa sababu ulikuwa mdogo. Kule hapakuwa na wa kukulea."

Nilifikiri. "Basi shangazi alisema kweli."

Mama alikuwa mtu wa hesabu, hakupenda kuandika jibu asilo na uhakika nalo. "Alisema kweli," alisema mwishowe, "ila si yote."

"Nikilishika sikio, utanipeleka Singida?"

"Mimi sitakupeleka, Neema. Mimi sitakupeleka popote."

Niliridhika. Nilikuwa na umri wa kuridhika na maneno kama hayo, na sikusikia kwamba ameapa kwa upande wake tu. Alilitimiza neno lake. Nilipokuwa darasa la tatu baba alituma ujumbe kwamba sasa nimekua, nirudi nyumbani, na baba mdogo akaja kunichukua. Mama alinisuka, akanifungia nguo zangu, akanipa maandazi ya njiani, lakini bandarini hakuja. Tuliagana mlangoni. Miaka mingi niliyoishi Singida na kaka zangu, ambao nilihitaji kujuana nao upya kama wageni, nilikuwa na kinyongo naye kwa hilo. Nilidhani hakutaka kukosa vipindi vyake. Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nilipopata ujasiri wa kumwuliza, akanijibu kama anayeeleza jambo la kawaida, "Nilikwambia mimi sitakupeleka." Alibaki Mtambile, akafundisha huko mpaka akastaafu, na yuko huko mpaka sasa.

Lakini nimetangulia mbele. Jioni ile ya mvua nilikula sahani mbili za wali, na mama alikaa akinitazama bila kugusa chake. Mvua zilipopungua tulirudi kwa Mwalimu Zuwena. Sikuwa nimetimiza umri bado. Nilipandisha mkono nikalishika sikio, nikalivuta kwa nguvu mpaka likauma, nikawa siliachii, hadi Mwalimu Zuwena aliposema, "Inatosha mwanangu, nimeliona." Alimtazama mama juu ya miwani, akamwuliza imekuwaje mkono urefuke hivyo katika miezi michache. Mama akasema, "Amekula." Mwalimu Zuwena hakuuliza zaidi. Alikwenda kwa mkuu, akakaa huko muda, akarudi na kusema niletwe Jumatatu.

Bi Mize alinishonea mfuko wa ukili wa kutilia kikombe changu. Jumatatu mama alinipeleka mwenyewe, ingawa alikuwa na kipindi cha kwanza. Uwanja wa skuli ulikuwa bado na madimbwi, na watoto walikuwa wakicheza duara huku wakiyakwepa maji. Nilisimama, nimelishika gauni la mama. Nilikuwa nimeingoja siku ile, na sasa ilipofika sikujua mtu huingiaje katika duara lililokwisha kufungwa.

"Nenda zako, Mwalimu," Mwalimu Zuwena alimwambia mama. "Ukikaa atalia."

"Huyu hatalia," mama alisema. Hakuondoka.

Riziki ndiye aliyeniona. Aliachia mkono wa mwenzake, duara likafunguka, akaninyooshea kiganja kilichojaa udongo. Nikaliachia gauni la mama nikakimbia. Riziki alinishika upande mmoja, na upande wa pili akanishika yule msichana aliyezoea kuniita mlinzi wa ndara, ambaye siku ile hakuniita chochote. Alinishika tu, kwa nguvu, kama wanavyoshikana watoto wanaoogopa kuangukia maji. Tukazunguka. Nilipofika upande wa barabarani nilimwona mama amesimama nje ya ua wa skuli, mwavuli umekunjwa kwapani. Alinipungia.

Nilitaka kumpungia. Lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshikwa, na sikutaka kuuachia hata mmoja. Duara likanipeleka upande mwingine, nikawatazama wenzangu, na liliponirudisha barabarani alikuwa ameshafika mbali, anatembea upande wa skuli yake, peke yake.